p53 au BCL11A? Ulinganisho kwa anayetafuta mada ya mradi Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi wa maabara au udaktari hapa Mbeya, au mwalimu mtarajiwa wa baiolojia pale Mkwawa, Iringa, akiambiwa alete mada kuhusu protini ya binadamu inayojishika kwenye DNA pamoja na jeni inayoizalisha, ana mengi ya kuchagua. Zipo GATA1, MYC, kipokezi cha estrojeni, na nyingine mamia. Ila kwa mazingira yetu mimi huwa nawapunguzia hadi mbili tu: p53, inayotokana na jeni ya TP53, na BCL11A, ambayo jeni yake ina jina hilohilo. Hizi mbili zina mguu mmoja kitabuni na mwingine wodini kwetu. p53 inagusa sumukuvu ya mahindi na saratani ya mlango wa kizazi. BCL11A inagusa sikoseli. Ukichukua mojawapo, hakuna msimamizi atakayekuuliza "sasa hii inatuhusu nini?"

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua. Kwa mradi wa benchi unaotakiwa uishe ndani ya mwaka wa masomo, naegemea BCL11A. Kwa semina, kazi ya maktaba au somo la kidato cha sita, naegemea p53, tena bila kusita. Sababu zinafuata, pamoja na mahali ambapo mizani inaweza kugeuka.

Moja inawasha, nyingine inazima

Kazi kubwa ya p53 ni kuwasha jeni nyingine. DNA ikijeruhiwa, iwe kwa mionzi au kwa kemikali, p53 hujaa ndani ya kiini cha seli, inakaa kwenye DNA jirani na jeni kama CDKN1A, na jeni hiyo inaanza kunukuliwa, yaani kusomwa ili protini yake itengenezwe. Protini inayopatikana hapo, p21, huisimamisha seli isigawanyike mpaka jeraha lishughulikiwe. Jeraha likiwa halitengenezeki, p53 huwasha jeni nyingine zinazoifanya seli ijiue yenyewe. Kati ya jeni inazoziwasha imo pia MDM2, na MDM2 ndiyo inayoipeleka p53 kuharibiwa. Kwa maneno mengine p53 huwasha jeni inayoiangamiza yenyewe, na ndiyo sababu kwenye seli tulivu huwa ni kidogo sana, ikitengenezwa na kuvunjwa ndani ya dakika chache.

Haishiki DNA ikiwa peke yake. Molekuli nne hushikamana, yaani jozi mbili, na kila jozi hukamata nusu ya alama ambayo p53 huitambua kwenye DNA. Nusu hiyo ina herufi 10 za DNA (A, C, G au T) zenye mpangilio wa RRRCWWGYYY, ambapo R ni A au G, W ni A au T, na Y ni C au T. Nusu mbili zinaweza kugusana, au zikatenganishwa na herufi zisizozidi 13. Sehemu inayoigusa DNA iko katikati ya protini, takriban kuanzia asidi amino (vijenzi vya protini) ya 102 hadi ya 292, na imeshikiliwa na ayoni moja ya zinki.

Hapa ndipo p53 inaponoga. Mwaka 1994 maabara ya Nikola Pavletich ilichapisha picha ya fuwele ya sehemu hiyo ikiwa imekaa juu ya DNA. Watu walikuwa wameshajua kwamba kwenye saratani mabadiliko hurudiarudia mahali palepale: asidi amino ya 175, 245, 248, 249, 273 na 282. Ile picha ikaonyesha kwa nini. Asidi amino ya 248 na ya 273, zote aina ya arginini, zinaigusa DNA moja kwa moja, kwa hiyo ukizibadilisha, mkono wa kushikia umekatwa. Ya 175 na ya 249 haziigusi DNA kabisa. Kazi yake ni kushikilia umbo la protini, na zikibadilika protini inapinda, mkono upo lakini haufiki. Mwanafunzi anayeweza kusimama mbele ya darasa na kueleza tofauti ya aina hizi mbili za kuharibika, akiwa na picha moja tu ukutani, semina yake imeshapita.

BCL11A kazi yake ni kuzima. Umbo lake refu lina asidi amino 835 na vidole kadhaa vya zinki (mikunjo ya protini inayoshikiliwa na zinki), na vitatu vya mwisho ndivyo vinavyosoma herufi TGACCA kwenye DNA. Alama hiyo iko mbele ya jeni mbili za gama-globini, HBG1 na HBG2, kama herufi 115 kabla ya mahali unukuzi unapoanzia. BCL11A ikishakaa pale huita kundi la protini liitwalo NuRD, sehemu hiyo ya DNA inabanwa, na gama-globini inaacha kutengenezwa. Gama-globini ndiyo inayounda himoglobini F, ile ya mtoto akiwa tumboni. Kuzimwa kwake ndiko kunakotupeleka kwenye himoglobini ya watu wazima katika miezi ya mwanzo ya maisha.

Uthibitisho kwamba vidole vile vinakaa pale pale kwenye TGACCA ulichapishwa 2018, lakini maumbile yalikuwa yameshatoa jibu zamani. Kuna familia za Ugiriki zenye badiliko la herufi moja kwenye nafasi ya 117 kabla ya jeni, ndani ya alama hiyohiyo. Watu hao ni wazima na wamezeeka, na damu yao bado ina himoglobini F kwa wingi, kwa sababu mzimaji hana pa kukaa.

Kwa upande wa kueleweka, BCL11A ni nyepesi zaidi, angalau ukibaki kwenye seli nyekundu za damu: kuna alama moja, jeni mbili zinazozimwa, na tokeo moja linalopimika. p53 ni kama mwenyekiti wa mtaa, huitwa kwenye kila jambo, na ukijaribu kuandika shughuli zake zote daftari litajaa kabla hujafika jioni. Wengi wanaochagua p53 huzama hapo. Mchoro wao unakuwa na mishale 60, na hakuna hata mmoja wanaoweza kuutetea.

Jeni zenyewe, kwa haraka

TP53 iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu 17, mahali paitwapo 17p13.1. Ina eksoni 11, yaani vipande vya jeni vinavyobaki kwenye nakala ya kutengenezea protini, ya kwanza haibebi maelekezo ya protini, na urefu wake wote ni kama herufi 20,000. Protini ni fupi, asidi amino 393. Iligunduliwa 1979 na vikundi kadhaa kwa wakati mmoja, miongoni mwao cha David Lane na cha Arnold Levine. Kwa miaka 10 ilidhaniwa kuwa jeni inayochochea saratani, mpaka 1989 ilipobainika kuwa inaizuia. Waliokuwa wameichunguza mwanzoni walikuwa wameshika nakala iliyoharibika. Ukiiendesha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa uzito usishtuke: uzito wake halisi ni karibu kilodaltoni 44, lakini mstari hutokea kwenye 53.

BCL11A iko kromosomu 2, kwenye 2p16.1, na ni ndefu kama mara tano ya TP53, takriban herufi 100,000. Kinachowavutia watu wa damu hakiko kwenye eksoni. Kiko ndani ya introni ya pili, yaani sehemu iliyo kati ya eksoni, kwenye kipande cha DNA kinachoamrisha jeni hii isomwe kwa nguvu katika seli zinazoelekea kuwa nyekundu. Tofauti hii ina maana benchini: kwenye TP53 unatafuta kosa ndani ya maelekezo ya protini, hasa eksoni ya 5 hadi ya 8, kwenye BCL11A unatafuta tofauti ndogo kwenye swichi, wakati protini yenyewe haina kosa lolote.

Ugonjwa ulioko karibu nawe

Nianze na sumukuvu, kwa kuwa ndiyo inayowavutia wengi kuichagua p53. Ukungu wa Aspergillus ukiota kwenye mahindi au karanga hutoa aflatoksini. Mtu akila, ini huigeuza aflatoksini B1 kuwa kemikali kali inayojibandika kwenye herufi G za DNA. Mahali pamoja panapoumia sana ni kodoni ya 249 ya TP53 (kodoni ni herufi tatu zinazotaja asidi amino moja): AGG inakuwa AGT, na arginini inakuwa serini. Mwaka 1991 tafiti mbili, moja kuhusu wagonjwa wa Qidong, China, na nyingine ya wagonjwa wa kusini mwa Afrika, zilionyesha badiliko hilihili likijirudia kwenye saratani ya ini. Ni nadra kwenye tiba kukuta sumu ikiacha sahihi inayosomeka hivi. Mgonjwa akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari huongezeka sana.

Sasa, mtu wa Nyanda za Juu akisoma hayo anafikiri amepata mradi: hapa ndipo ghala la taifa, mahindi yako kila kona kuanzia Songwe hadi Makambako. Polepole kwanza. Ukungu huu unapenda joto na ukame. Vifo vya sumukuvu vya 2016 vilitokea Dodoma na Manyara. Makete na Njombe, kwenye baridi na unyevu, ukungu unaotamba zaidi kwenye mahindi ni wa aina nyingine, Fusarium, na sumu yake haiachi sahihi kama ile kwenye TP53. Ukitaka kufuata kodoni ya 249 katika kanda hii, nyanda za chini zenye joto kama Pawaga, Ismani au Usangu zina mantiki zaidi kuliko milimani. Hata hapo, jiandae kwa uwezekano wa kutopata kitu.

Saratani ya mlango wa kizazi ni mlango wa pili wa p53, na kwa maoni yangu ndio bora zaidi kwa hapa, ingawa wanafunzi huuruka. Virusi vya HPV aina ya 16 na 18 hutengeneza protini iitwayo E6. E6 haigusi jeni ya TP53 kabisa. Inaikamata protini ya p53, inaiunganisha na kimeng'enya cha seli kiitwacho E6AP, na p53 inapelekwa kuvunjwavunjwa. Matokeo yake ni kwamba kwenye saratani nyingi za mlango wa kizazi ukisoma jeni unaikuta nzima, ila kazi yake haipo. Kwa mada inayosema "protini na jeni yake", huwezi kupata mfano mzuri kuliko huu wa kwa nini hivyo ni vitu viwili. Tena unaweza kuufikisha hadi kwenye chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018.

Kwa BCL11A ugonjwa ni mmoja, sikoseli, au selimundu kama vitabu vya wizara vinavyoandika. Badiliko lenyewe liko kwenye jeni nyingine, HBB kwenye kromosomu 11, ambapo GAG inakuwa GTG. BCL11A haisababishi ugonjwa. Inachofanya ni kuamua mgonjwa atabaki na himoglobini F kiasi gani, na himoglobini F ndiyo inayozuia ile yenye kasoro isigandamane na kuikunja seli. Ndiyo maana mtoto huzaliwa akiwa hana dalili, na mama anaanza kuona vidole vimevimba na kilio kisichoeleweka akikaribia miezi sita, himoglobini F inapopungua. Ukimweleza mama wa Kyela hivyo, anakuelewa kuliko darasa zima la mwaka wa pili.

Kyela naitaja kwa makusudi. Jeni ya sikoseli ilishamiri palipo na malaria, kwa sababu aliyerithi nakala moja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ufukwe wa Ziwa Nyasa, kule Kyela, uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, na ukienda Makete mbu wenyewe wanasikia baridi. Kwa hiyo kanda moja inakupa mteremko mzima wa kuifikiria historia ya jeni hii. Watu wanahama, bila shaka, na mtoto wa Uyole, Mbeya, anaweza kuwa na bibi wa Ipinda, Kyela.

Faida nyingine ya BCL11A ni kwamba Watanzania wamo kwenye hadithi yake. Uhusiano kati ya jeni hii na kiwango cha himoglobini F ulianza kuonekana 2007 na 2008 kwenye tafiti za Ulaya na Marekani, na 2008 maabara ya Stuart Orkin, huko Boston, ikaonyesha kwamba ndiyo mzimaji. Mwaka 2011 Julie Makani wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa wa Tanzania wakilinganishwa na wa Uingereza, na BCL11A ilijitokeza pande zote mbili. Mwanafunzi anayeanza na makala hiyo anaanza na damu ya watu wa kwao, na mapitio ya maandiko yake hayaishii kwenye majina ya Boston.

Benchini ndipo maneno yanapokwisha

Kipimo cha kodoni ya 249 ni kizuri mno kwenye karatasi. Kimeng'enya cha HaeIII hukata DNA kila kinapokuta GGCC. Kodoni ya 249 na ya 250 kwa kawaida husomeka AGGCCC, kwa hiyo GGCC imo. Badiliko la aflatoksini linaifanya AGTCCC, na GGCC haipo tena. Unakuza eksoni ya 7 kwa PCR (kuinakili mara nyingi), unaweka HaeIII, unaendesha jeli inayotenganisha vipande kwa urefu: DNA isiyo na badiliko hukatika vipande viwili pale, yenye badiliko hubaki kipande kirefu. Chini ya mwanga wa UV unauona ule mstari wa juu uliokataa kukatika, na hauhitaji mashine ya kusoma herufi kujua kuna jambo. Lakini badiliko lolote ndani ya zile herufi nne litaleta mstari uleule, kwa hiyo mtahini makini atakuuliza kama ulithibitisha kwa kusoma herufi. Na kimeng'enya kikiwa kimechoka kwa kukatikakatika kwa umeme kwenye friji, kila mtu atakuwa "na badiliko". Weka sampuli ya mtu mzima asiye na ugonjwa kwenye kila jeli.

Kinachokwamisha ni sampuli. Wagonjwa wa saratani ya ini hufika wakiwa wamechelewa, na nyama ya ini hukatwa kwa nadra. Huko Gambia, mwaka 2000, watafiti waliripoti kuliona badiliko hili kwenye DNA inayoelea ndani ya utegili (majimaji) wa damu, kwa hiyo sindano ya mkononi inaweza kutosha. Ila DNA hiyo ni kidogo, na kuikuza kunataka mkono uliozoea.

Njia nyingine ya p53 ni kupaka rangi kwa kingamwili kwenye vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta. p53 iliyoharibika haivunjwi upesi kama nzima, hujilimbikiza, na kiini cha seli hutoka kahawia nzito. Hapa kuna mtego. Mwanafunzi anapaka vipande vya saratani ya mlango wa kizazi, vinatoka vimepauka, anadhani kingamwili imeharibika njiani kutoka Dar. Kumbe E6 imeshaila p53 yote, na huko kupauka ndiko tokeo lenyewe. Bila kipande cha saratani nyingine kinachojulikana kuwa hutoka kahawia, hutaweza kumshawishi mtu. Ukitaka kutoa DNA kwenye nta hiyo, kumbuka formalini huikatakata, kwa hiyo chagua vipande vifupi vya kukuza.

Kuna mradi mmoja wa TP53 nawasihi mkae nao mbali: kodoni ya 72. Pale watu wazima wasio na ugonjwa hutofautiana, wengine wana arginini, wengine prolini. Ni rahisi kupima, damu tu na kimeng'enya kimoja. Mwaka 1998 makala moja kubwa ilidai kwamba wenye arginini pande zote mbili wana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi karibu mara saba. Zikafuata tafiti kibao, na nyingi hazikuliona jambo hilo. Mradi wa wagonjwa 50 hautaumaliza ubishi ulioshindikana kwa maelfu.

BCL11A inaanza na faida ya kliniki. Mgonjwa wa sikoseli hurudi mwezi baada ya mwezi, na damu hutolewa kwa vipimo vyake vya kawaida. Himoglobini F hupimwa vizuri kwa HPLC, mashine inayotenganisha aina za himoglobini, pale ilipo. Pasipo na mashine kuna njia ya zamani ninayoipenda kuliko zote kwa mwanafunzi: unatandaza damu kwenye slaidi, unaiosha kwa bafa yenye asidi, unapaka eosini, rangi ya waridi. Himoglobini ya kawaida huoshwa na kutoka, himoglobini F hustahimili. Kwenye hadubini unaona seli tupu zilizobaki kama maganda, na katikati yake seli za waridi zilizokoza, moja hapa, tatu pale. Kila seli ya waridi ni mahali ambapo BCL11A haikufanikiwa kuzima kabisa. Huhitaji kumweleza mtahini zaidi ya hapo, mpe hadubini aangalie.

Upungufu wa BCL11A uko kwenye upande wa jeni. Tofauti inayojulikana sana kwenye ile introni ya pili, rs1427407, haina ujanja wa bei nafuu kama wa HaeIII. Utahitaji vipimo vya vichunguzi vya rangi au kutuma DNA isomwe, na hapo bajeti ya mwanafunzi inalia. Usidanganyike ukakimbilia kipimo cha kimeng'enya cha XmnI mbele ya HBG2 kwa sababu ni rahisi. Tofauti ile ni ya kawaida kwa Waarabu na Wahindi, ila kwa wagonjwa wetu ni adimu sana, na jeli yako itatoka sare kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upande wa wagonjwa nao una mambo matatu yanayoharibu data: haidroksiyurea, dawa ambayo hupandisha himoglobini F, damu ya kuongezewa siku za karibuni, ambayo huizimua, na umri, maana kwa watoto wadogo bado inashuka. Andika yote matatu kwenye dodoso kabla hujagusa sindano.

Dawa: hapa hakuna ushindani

Mwezi Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya sikoseli, na Desemba Marekani ikafuata. Uboho wa mgonjwa mwenyewe hutoa seli shina, zinapelekwa maabara, mkasi wa CRISPR, kifaa cha kukata DNA mahali palipochaguliwa, unakata ile swichi kwenye introni ya pili ya BCL11A, kisha seli zinarudishwa baada ya uboho wa zamani kufutwa kwa dawa kali. Maelekezo ya protini yenyewe hayaguswi, na sababu ni ya msingi: BCL11A inahitajika kwenye ubongo na kwenye limfosaiti B (seli za kinga), na watu waliozaliwa na nakala moja mbovu huwa na ulemavu wa akili. Swichi ile inatumika kwenye njia ya seli nyekundu tu. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha kwenye jaribio lililopelekwa Marekani, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupata shambulio kali la maumivu. Bei iliyotangazwa huko ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa Mbeya hiyo ni habari ya kusoma, bado si ya kuandikia rufaa, na kwenye semina lazima mtu anyooshe mkono kuuliza. Jibu liwe tayari: haidroksiyurea ipo, ni ya kumeza, na inapandisha himoglobini F kwa njia nyingine.

p53 imesomwa tangu 1979, ndiyo jeni ya binadamu iliyoandikwa zaidi kuliko zote, na karibu nusu ya saratani zina kasoro ndani yake. Pamoja na hayo, dawa ya kuirudisha kazini iliyokubalika duniani kote haijapatikana. China iliidhinisha Gendicine, virusi vinavyobeba TP53 nzima, mwaka 2003, na haikusambaa. Kuzima kitu kinachofanya kazi ni rahisi kuliko kutengeneza kilichovunjika ndani ya kila seli ya uvimbe.

Nani achukue ipi

Uko maabara, una msimamizi anayefahamiana na kliniki ya sikoseli, na kibali cha maadili kinaweza kupatikana mapema: chukua BCL11A. Fanya himoglobini F na slaidi za eosini kwa wagonjwa wasiotumia haidroksiyurea, na upande wa jeni uufanye kwa sampuli chache zenye kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa, badala ya kuwapima wote nusunusu.

Uko idara ya patholojia na una ufunguo wa kabati la vipande vya nta: p53, upande wa HPV, na kipande cha kulinganishia usikisahau. Uamuzi wangu wa mwanzo unageuka hapa, kwa sababu sampuli zimeshapatikana na hakuna mgonjwa wa kusubiri.

Unafuata sumukuvu kwa sababu umetoka familia ya wakulima na jambo linakuuma: usianze na TP53. Anza na mahindi yenyewe, yanavyokaushwa na yanavyohifadhiwa, na kodoni ya 249 iwe aya moja kwenye utangulizi.

Wewe wa Mkwawa utakayefundisha kidato cha tano na cha sita, chukua p53. Picha ya 1994 iko wazi kwenye hazina ya miundo ya protini kwa namba 1TUP, na mpangilio wa asidi amino uko kwenye hifadhidata ya protini ya UniProt kwa P04637. Simu ya kawaida yenye bando inatosha kuizungusha mbele ya wanafunzi. Kisha waulize kwa nini tembo, mwenye seli nyingi kuliko sisi na anayeishi miaka mingi, hapati saratani kwa wingi unaotegemewa. Tafiti za 2015 zilikuta tembo wa Afrika ana nakala kama 20 za TP53, wakati sisi tuna moja tu katika kila seti ya kromosomu. Tembo wa Ruaha wanafunzi wako wanawafahamu, wengine wameona mashamba yao yakikanyagwa. Mjadala utajiendesha, na wewe kazi yako itakuwa kuwarudisha kwenye zile herufi 10 za alama kabla kengele haijalia.